Kupanda, Kungoja na Kushuka: Mwendesha Baiskeli wa Ridhaa Katika Pito la Galibier

Pito la Galibier lipo katika milima ya Alpi, kusini-mashariki mwa Ufaransa, mita 2,642 juu ya usawa wa bahari. Pito ni mahali ambapo barabara huvuka mgongo wa mlima kutoka bonde moja kwenda jingine. Mashindano ya Tour de France yalipita hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1911, yamerejea mara nyingi tangu wakati huo, na kwa sababu hiyo Galibier limekuwa miongoni mwa mapito yanayoheshimiwa zaidi na waendesha baiskeli. Siku ya mashindano, barabara hufungwa kwa magari saa nyingi kabla ya wanamichezo wa kulipwa kufika. Katika muda huo, mpaka askari watakapoamuru barabara iachwe wazi, umati wa watu wa kawaida hupanda kwa baiskeli zao: walimu, mafundi, wastaafu, kila mmoja akitaka kuonja mlima uleule watakaoupanda mabingwa alasiri.

Mtu huyo wa ridhaa ana kazi tatu siku hiyo. Kwanza hupanda, kisha hungoja kileleni kwa saa kadhaa ili aone mashindano, mwisho hushuka. Kwa kawaida hujiandaa kwa kazi ya kwanza tu. Miezi mingi ya mazoezi huenda katika kupanda, ilhali madhara mengi yanayoweza kumfikisha katika hema la huduma ya kwanza hujitokeza baada ya miguu kuacha kuzunguka. Makala haya yanafuatilia mwili wake katika hatua zote tatu.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani jambo hili liko mbali naye. Septemba 2025 mji wa Kigali, wenye vilima vingi na ulio takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Watu wa makamo wanaotumia dawa za shinikizo la juu la damu na wanaopenda baiskeli wapo pia katika kliniki za ukanda huu, na daktari akiwaambia tu "fanya mazoezi" hajawapa ushauri uliokamilika.

Mfano wa kufundishia utasaidia. Ni mwanamume wa miaka 48, mhasibu, mwenye uzito wa kilo 70. Ana shinikizo la juu la damu lililodhibitiwa kwa kidonge kimoja chenye losatani na haidroklorothiazaidi. Hana dalili nyingine, isipokuwa goti la kulia linalomsumbua akipanda mlima mrefu. Anaondoka Saint-Michel-de-Maurienne saa 1 asubuhi. Amemeza kidonge chake kama kawaida na kunywa kikombe cha kahawa; chakula hakipiti kooni kwa msisimko.

Hesabu ya kupanda

Kutoka Saint-Michel, ulio takriban mita 710 juu ya usawa wa bahari, hupandwa kwanza pito la Télégraphe, kilomita karibu 12 hadi mita 1,566. Barabara huteremka kidogo hadi kijiji cha Valloire, na kutoka hapo husalia kilomita 18 za kupanda. Sehemu ngumu kuliko zote ni ya mwisho, baada ya Plan Lachat: kilomita 8 hivi za mwinuko ambao wastani wake unazidi asilimia 8, mahali pasipo mti wala kivuli. Kwa jumla mpandaji hujiinua takriban mita 2,100. Bingwa wa kulipwa humaliza sehemu ya kutoka Valloire chini ya saa moja. Mhasibu wetu atatumia saa tatu na nusu kwa njia nzima, jambo lisilo la aibu hata kidogo.

Mwili wake, baiskeli, maji na nguo ni kilo 80. Kuinua uzito huo kwa kimo hicho kunahitaji kazi ya kilojuli 1,640 hivi. Ukiongeza msuguano wa matairi na ukinzani wa hewa, hufikia takriban 1,850. Misuli ya binadamu hugeuza chini ya robo moja ya nishati ya chakula kuwa mwendo, na iliyobaki hutoka kama joto. Maana yake ni kwamba ameunguza karibu kilokalori 1,900, na zaidi ya kilojuli 6,000 za joto zimelazimika kuondoka mwilini. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoa takriban kilojuli 2,400. Hewa baridi hubeba sehemu ya joto hilo, hata hivyo si ajabu apoteze lita moja na nusu hadi mbili za jasho asubuhi ambayo watazamaji kando ya barabara wamevaa makoti. Jasho hukauka upesi katika hewa kavu ya mlimani, naye hadhani kwamba ametoka jasho kiasi hicho.

Kuhusu nishati, mtu mzima huhifadhi takriban gramu 400 hadi 500 za glaikojeni, nyingi katika misuli na kidogo katika ini. Akiba ya ini, ambayo ndiyo hulinda sukari ya damu, hupungua sana usiku wakati wa usingizi. Aliyeondoka na kahawa pekee ameanza safari ghala likiwa nusu tupu. Kwa kazi ya muda huu hushauriwa kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa tangu saa ya kwanza, kabla njaa haijabisha hodi. Ndizi mbivu ya wastani ina gramu 27 hivi, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa zinatosha bila kununua pakiti za bei ghali zinazouzwa madukani.

Juu ya Galibier shinikizo la hewa ni karibu asilimia 72 ya lile la pwani. Oksijeni inayofika katika mapafu hupungua kwa kadiri hiyo, na uwezo wa juu kabisa wa mwili kufanya kazi hushuka kwa takriban sehemu ya kumi. Kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ya asilimia 90 hadi 94 kwa mtu mzima mwenye afya aliyepumzika hapo, na namba hiyo isimtishe mhudumu. Hata hivyo kimo husingiziwa mengi. Ugonjwa wa kimo kwa kawaida huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika juu, wakati ambapo mpandaji wa siku moja amekwisha kurudi bondeni. Anayeumwa kichwa kileleni saa 5 asubuhi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kiu, njaa au kuchomwa na jua.

Kundi moja lapaswa kutajwa mbele ya wasomaji wa Afrika Mashariki, ambako jeni ya selimundu imeenea. Aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi bila dalili, na wengi hawajui hali yao. Kazi nzito, upungufu wa maji na kimo vikikutana, anaweza kupata uharibifu wa misuli au wa bandama. Maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto kwa mtu kama huyo mlimani yahitaji oksijeni, maji, kushushwa na kupelekwa hospitali. Yasiitwe kichomi kikaachwa kipite.

Dakika ya kwanza baada ya kusimama

Mhasibu anafika saa 4 na nusu. Anakanyaga kwa nguvu mita za mwisho, anafunga breki kando ya kibao cha pito, anasimama akiwa ameegemea baiskeli ili apigwe picha. Baada ya sekunde chache uso unapauka, macho yanaingia giza, anaanguka.

Kisa hiki kina maelezo mepesi. Wakati wa kupanda, mishipa ya damu ya miguu imepanuka sana, na misuli inayojikaza ndiyo husukuma damu kurudi moyoni. Miguu ikisimama ghafla pampu hiyo nayo husimama. Damu hubaki miguuni, shinikizo hushuka, ubongo hukosa damu kwa muda. Dawa za shinikizo na upungufu wa maji huongeza uzito wa jambo. Tiba ni kumlaza chali, kuinua miguu yake, na kumpa maji akishapata fahamu kamili, jambo ambalo kwa kawaida hutokea ndani ya dakika moja au mbili. Kinga yake ni rahisi zaidi: baada ya kufika, aendelee kuzungusha miguu polepole au atembee kwa dakika tano hadi kumi.

Mhudumu wa afya lazima aulize swali moja kabla ya kuridhika na maelezo hayo: je, alianguka baada ya kusimama, au alianguka akiwa bado anakanyaga? Wa kwanza mara nyingi ni kuzirai tu. Wa pili achukuliwe kuwa moyo wake umesimama mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa watu waliozidi miaka 35, chanzo kikuu cha kifo cha ghafla michezoni ni kuziba kwa mishipa inayolisha moyo, na wengi wao walikuwa wakijiona wazima. Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kutupa viungo kwa sekunde chache kama mwenye kifafa, au kuvuta pumzi moja moja kwa kukoroma. Watazamaji hudhani anapumua na muda hupotea. Asiyeitika na asiyepumua kawaida aanzishiwe kukandamizwa kifua mara moja, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akikimbilia kifaa cha kushtua moyo. Kila dakika inayopita bila mshtuko huo hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Mhasibu wetu alianguka baada ya kusimama. Aliamka, akacheka kwa haya, akaketi juu ya jiwe.

Saa nne na nusu za kungoja

Mashindano yatapita saa 9 alasiri. Fulana imeloa, upepo wa pitoni hautulii. Hali ya hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo bonde likiwa na nyuzi 22 kileleni huwa na 10 tu. Wakati wa kupanda mwili ulikuwa tanuri. Sasa moto umezimwa na nguo ya maji imebaki mgongoni. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Fulana moja kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki ina thamani kuliko vifaa vingi ambavyo waendesha baiskeli hutumia mshahara wao kuvinunua. Jua nalo halina huruma: mionzi inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000.

Watazamaji ni wakarimu, na bia huzunguka. Pombe hufungua mishipa ya ngozi na kutoa joto nje, tena huzuia ini kutengeneza sukari, kwa mtu ambaye ini lake limekwisha kukombwa.

Hatari iliyo kubwa zaidi kwake ilianza Valloire. Goti lilipouma, mwenzake alimpa vidonge viwili vya diklofenaki. Hapa wagonjwa na wahudumu wote wasome kwa makini. Mwili ukipungukiwa maji, figo huhifadhi uchujaji wake kwa njia mbili: hupanua mshipa unaoingiza damu kwenye chujio na kubana ule unaoitoa. Diklofenaki, aibuprofeni na ndugu zao huzuia ule upanuzi. Losatani huzuia kule kubana. Haidroklorothiazaidi huendelea kutoa maji na chumvi kwenye mkojo. Dawa hizi tatu zikikutana katika mtu aliyepoteza lita mbili za jasho, figo huachwa bila kinga yoyote, na zinaweza kushindwa kazi ndani ya saa chache bila maumivu. Dalili pekee inaweza kuwa mkojo mchache mweusi kama chai ya rangi, au kutokojoa kabisa tangu asubuhi. Ni mkutano wa dawa unaotokea kila siku mbali na milima, kwa mkulima anayelima juani na mgonjwa anayeharisha, na dawa ya maumivu hununuliwa dukani bila kuulizwa swali lolote.

Dawa inayoficha ishara za mwili ina historia ya huzuni katika mchezo huu. Tarehe 13 Julai 1967 Mwingereza Tom Simpson alikufa akipanda Mont Ventoux katika joto kali, na amfetamini ilikutwa mwilini mwake. Diklofenaki si amfetamini, lakini mtu anayemeza kidonge ili goti linyamaze amefunga mdomo wa shahidi.

Kinyume cha upungufu wa maji nacho huua. Wapo wanaokunywa maji matupu chupa baada ya chupa kwa kuwa wameambiwa wanywe, hasa wapandaji wa polepole wanaotumia muda mrefu njiani. Sodiamu ya damu ikishuka chini ya milimoli 135 kwa lita, na hasa ikishuka upesi, ubongo huvimba: kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege. Pete inayobana kidole na uzito uliozidi ule wa asubuhi ni dokezo. Mtu huyu asiongezewe maji kwa wingi. Mwenye dalili kali hupewa mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 3 kwenye mshipa, na dozi hiyo yaweza kurudiwa kila baada ya dakika 10 hadi mara mbili. Kwa mwendesha baiskeli wa kawaida, kiu ni mwongozo wa kutosha.

Kushuka

Mabingwa wamepita kwa dakika chache. Sasa watu wote wanataka kuondoka kwa wakati mmoja: baiskeli, waenda kwa miguu, na baada ya barabara kufunguliwa, magari yenye vyumba vya kulala. Mhasibu ameanza kutetemeka.

Kushuka hakuzalishi joto, kwa kuwa misuli haifanyi kazi. Katika hewa ya nyuzi 8, mwendo wa kilomita 50 kwa saa huifanya ngozi ihisi kama ipo katika nyuzi 3. Vidole hufa ganzi, na vidole ndivyo vinavyoshika breki. Mtetemeko wa mabega huhamia kwenye usukani na baiskeli nzima huyumba. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 70 kwa saa, nguvu ya kugonga huongezeka karibu maradufu. Fabio Casartelli, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1992, alikufa kwa jeraha la kichwa akishuka pito la Portet d'Aspet katika Tour de France ya mwaka 1995. Kofia ngumu ikawa lazima kwa wanamichezo wa kulipwa mwaka 2003, baada ya kifo cha Andrei Kivilev.

Baridi na njaa huwaangusha hata mabingwa. Tarehe 27 Julai 1998, Marco Pantani alimwacha Jan Ullrich kwenye Galibier hili hili katika mvua ya baridi. Ullrich, aliyekuwa akiongoza mashindano, alifika Les Deux-Alpes akiwa nyuma kwa karibu dakika tisa, uso umevimba. Alikuwa kijana wa miaka 24, mwenye gari la timu, daktari na wapishi. Mhasibu ana mifuko mitatu ya mgongoni. Waendesha baiskeli wa zamani walijaza magazeti kifuani chini ya fulana kabla ya kushuka, na mbinu hiyo bado inafaa, kwa kuwa karatasi huzuia upepo na watazamaji daima wana gazeti la kutoa.

Anayetetemeka asianze kushuka. Avae nguo kavu, ale kitu kitamu, anywe kitu cha moto, atembee mpaka vidole virudi. Ikishindikana, ashuke kwa gari. Joto la mwili likiwa kati ya nyuzi 35 na 32, mtu hutetemeka, hudondosha vitu, husema maneno yasiyokamilika na hukasirika bila sababu. Chini ya 32 mtetemeko huweza kukoma, na wenzake hudhani amepata nafuu. Mgonjwa wa hatua hiyo ashikwe kwa upole, alazwe, asisuguliwe viungo, maana moyo uliopoa huvurugika kwa misukosuko. Kipimajoto cha kwapani hakiaminiki katika hali hii.

Kwa mhudumu anayempokea mwendesha baiskeli aliyechanganyikiwa, mambo ya kupima kwanza ni sukari na joto la mwili, na sodiamu mahali penye maabara. Kichwa kichunguzwe hata kama anakana kuanguka, kwa kuwa aliyepata mtikisiko wa ubongo mara nyingi hakumbuki. Anayetumia insulini au vidonge vinavyochochea kongosho aonywe kwamba sukari inaweza kushuka hata usiku wa manane baada ya siku kama hii. Kama anatumia pia atenololi, mapigo ya moyo ya haraka ambayo humwonya huenda yasitokee.

Katika kliniki

Siku mbili baadaye mhasibu anakwenda kliniki kwa sababu ya uchovu na kichefuchefu. Anasimulia mlima kwa furaha. Hasemi juu ya diklofenaki, kwa kuwa haihesabu kuwa dawa. Hutajwa pale tu mhudumu anapouliza kwa jina: "Ulimeza kidonge chochote cha maumivu? Ulikojoa mara ngapi siku ile?" Kreatini ya damu imepanda hadi karibu mara mbili ya ile ya mwaka uliopita.

Dawa ya maumivu inasimamishwa, na kidonge cha shinikizo kinasitishwa kwa siku chache chini ya uangalizi. Jambo hili mgonjwa asijiamulie mwenyewe nyumbani. Anaambiwa anywe maji kwa kiu, na potasiamu inapimwa pamoja na kreatini kila siku hadi mwelekeo uonekane. Baada ya wiki moja figo zimerudi karibu na kiwango chake, shinikizo limeanza kupanda, na kidonge kinarudishwa. Kwa kuwa ana miaka 48, ana shinikizo la damu na anakusudia kurudi mlimani, anapangiwa kipimo cha umeme wa moyo akiwa katika mazoezi. Anapewa karatasi inayomweleza afanye nini na kidonge chake siku ya kuharisha, ya homa au ya safari ndefu ya baiskeli.

Goti nalo lilichunguzwa. Maumivu yalikuwa mbele, chini ya kifuniko cha goti, na alipoombwa kuleta baiskeli ilionekana kwamba kiti kilikuwa chini mno. Kiliinuliwa sentimita 2.